Sura ya Tisa: Kompyuta ya Mizani

Mtu anayeletewa kompyuta mpya, bado inanukia boksi, kisha akafuta kila kilichomo ili aweke mfumo wa zamani, ana jambo lake. Ndivyo Inspekta Eltje Hommes alivyojiambia tangu jana jioni, meneja wa ushirika wa wakulima wa Noorderwierum alipompigia simu. Na ndivyo alivyoendelea kujiambia asubuhi hii ya Ijumaa, tarehe ishirini na tatu Oktoba 1998, akiwa amekaa ndani ya kibanda cha mizani na koti lake mwilini, kwa kuwa hita ya pale ilikuwa pambo tu.

Kibanda kilikuwa na dirisha moja pana. Nje yake matrekta yalipanda juu ya bamba la chuma moja baada ya jingine, kila moja likikokota tela la viazisukari vilivyojaa tope. Ndani mlikuwa na meza, mashine ya kuchapa risiti, kompyuta iliyoleta maneno yote haya, na mpimaji, Harm Luinge.

Mzee Harm alikuwa amepima mizigo ya watu pale kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mrefu, mkavu, na maneno yake yalitoka kwa shida kama jino. Inspekta na Sajini Fokko Drenth walifika saa nne kasoro robo. Ilipotimu saa nne walisubiri kahawa, maana katika mkoa ule kahawa ya saa nne hupewa hata mtu aliyekuja kukata umeme. Harm hakuinuka. Fokko, ambaye siku yake nzima hupangwa kuzunguka kikombe hicho, aliiangalia chupa ya kahawa rafuni mara tatu, kisha akaangalia sakafu. Saa nne na robo, bado hakuna kitu. Eltje alifungua daftari akaandika: hataki tuwepo.

Hakuwa na muda wa kubembelezana na mtu. Jumanne ya tarehe kumi na tatu, saa kumi na mbili na nusu jioni, Bi Aafke Toxopeus, mwalimu mstaafu wa kuogelea, aligongwa na trekta akiwa juu ya baiskeli kwenye barabara ya tuta la bahari. Trekta halikusimama. Mwanamke wa shamba la jirani alisikia kishindo, akatoka, akapiga simu, na simu hiyo iliandikwa kwenye kituo cha magari ya wagonjwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Bi Aafke alifia njiani. Barabarani palibaki viazisukari saba, mabonge ya tope, na rangi ya kijani kwenye madigadi ya baiskeli.

Matrekta ya kijani yaliyobeba viazi kutoka upande ule jioni ile yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la Tjaard Venema, kijana wa dada yake Harm. Risiti yake ya mizani ilionyesha alipima saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili, yaani karibu robo tatu saa kabla ya ajali. La pili lilikuwa la Geuchien Mulder, kapera wa miaka arobaini anayeishi na mama yake. Risiti yake ilisema saa moja kasoro dakika kumi. Kutoka pale alipoanguka Bi Aafke mpaka mizani, trekta lenye mzigo hutumia robo saa hivi. Hesabu ilimwangukia Geuchien bila hata kalamu.

Naye akajiharibia zaidi kwa mdomo wake. Alisema saa kumi na mbili na nusu alikuwa mezani anakula na mama yake, na kwamba alipima karibu saa mbili usiku. Alisema alikuta taa za polisi kwenye tuta akakunja njia ya mfereji. Taa hizo kijiji kizima kilizizungumza asubuhi yake, na mama atasema nini zaidi ya kwamba mwanawe alikuwa anakula? Risiti iliyokuwa mfukoni mwake mwenyewe ilimwita mwongo. Sasa alikuwa na siku ya tisa ndani, na Jumatatu majaji wangeamua kama akae siku tisini nyingine kungoja kesi.

Eltje mwenyewe ndiye aliyemtia ndani. Alikuwa na hakika kabisa, mpaka jana jioni.

Menno Siccama aliingia saa nne na dakika ishirini, akijipangusa miguu mlangoni. Alikuwa fundi umeme wa ushirika, mwenye nywele ndefu alizozifunga nyuma na mikono isiyotulia. Meneja alikuwa amegundua kwamba stika kwenye boksi la kompyuta ilitaja toleo la mwaka huu huu, tisini na nane, lakini mashine ikiwashwa inajitambulisha kuwa ni ya tisini na tano. Kwa hesabu za meneja, Menno ameuza mfumo mpya, au amefuta jambo.

"Unajua kwa nini nimekuita?" Eltje aliuliza.

"Bi meneja anasema mimi mwizi."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema mfumo mpya uko kwenye kabati langu, ndani ya mfuko wake, na kikaratasi chake cha namba. Mkiutaka nauleta sasa hivi. Nani ananunua kitu kama hicho hapa kijijini, Inspekta? Wachungaji?"

Fokko alimkumbusha kwamba anaongea na polisi. Menno akasema hilo analijua, ndiyo maana amefua shati.

Maelezo yake yalikuwa haya. Programu ya mizani iliandikwa mwaka tisini na mtu mmoja aliyekwisha kufa. Programu hiyo huongea na mizani moja kwa moja, kupitia tundu lililo nyuma ya kompyuta. Mashine ya zamani ilipokufa mwezi wa saba, ushirika ukanunua mpya. Menno akaiunganisha, akaweka programu, na mizani ikasoma tani kumi na mbili wakati juu yake hapana kitu ila kunguru. Mfumo mpya ulikuwa unajiweka katikati ya mazungumzo ya watu wawili. Msimu wa viazi unaanza katikati ya Septemba, na waliotaka kuandika programu mpya waliomba miezi sita. Kwa hiyo tarehe kumi na tisa Agosti alifuta kila kitu, akachukua diski yake ya mwaka tisini na tano, akaweka mfumo wa zamani. Mizani ikasoma sifuri, na kunguru akasoma nusu kilo.

"Mbona hukumwambia meneja?"

"Nilimwambia. Akasema niache habari za kiufundi, nifanye kazi."

Trekta lilipanda kwenye bamba. Harm aligeukia kioo cha kompyuta, ambacho programu ile ilikuwa imekijaza chote kwa tarakimu za kijani, akabonyeza, mashine ikatema risiti ya nakala tatu. Moja alimpa dereva dirishani, moja akaitia kwenye sanduku la ofisi, moja akaichomeka kwenye msumari. Dereva aliangalia kilo, akaangalia asilimia ya udongo, akasonya, akaenda zake. Eltje alitazama saa yake kwa mazoea. Ilikuwa saa nne na nusu.

Alimvuta Fokko pembeni, karibu na mlango. Fokko alikuwa na nadharia yake tayari. Mfumo wa zamani ni mlango usio na kitasa, alisema. Mzee na fundi walikula njama, wakaweka kitu wanachoweza kukichezea, na baada ya ajali wakabadilisha risiti ya mpwa.

"Agosti, Fokko?" Eltje alimwuliza kwa sauti ya chini. "Watu walikaa Agosti wakapanga kumgonga mwalimu wa kuogelea Oktoba?"

"Basi waliweka kwa sababu nyingine, halafu ikawafaa."

Hilo lilikuwa na akili zaidi, lakini Eltje alishazipitia risiti zile kwa mkono jana usiku, mia nne na kitu, kwa namba. Ya Tjaard ilikuwa 2217 na ya Geuchien 2231. Kati yazo kulikuwa na kumi na tatu nyingine za watu wengine, saa zikipanda kwa mpangilio, na nakala za msumari zililingana na za ofisini na za wakulima wenyewe. Ukitaka kughushi moja ungelazimika kughushi zote, na kuwaingia wakulima kumi na watatu jikoni kwao. Risiti zilikuwa safi. Hata hivyo shaka haikumtoka, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine dogo ambalo hakulipenda tangu mwanzo. Tjaard Venema alileta risiti yake kituoni asubuhi ya Jumatano, kabla hajaulizwa na mtu yeyote. Mkulima gani hutembea na risiti ya viazi kumwonyesha polisi?

Akarudi mezani, akamwambia Menno aeleze siku ile ya Agosti hatua kwa hatua, asiruke hata ya kipuuzi.

Menno alihesabu kwa vidole. Alipofuta, mashine ilibaki tupu. Akaweka diski. Mashine ikaanza kumwuliza maswali: jina la mwenye mashine, lugha, nchi, tarehe, saa. Kisha kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama saa ijirekebishe yenyewe majira yakibadilika, akaweka tiki kama kila mtu anavyoweka. Kisha ikajizima na kujiwasha mara tatu. Mzee Harm alikuwa pale pale amekaa, akila mkate wake. Ilichukua mchana mzima.

Eltje aliandika yote, pamoja na mkate, na hakuona kitu. Akamgeukia Harm na kumwuliza kuhusu mpwa wake. Mzee alisema Tjaard ni mtoto wa marehemu dada yake, kwamba amemlea kidogo, kwamba ana haraka ya kuendesha lakini si mtu mbaya. Aliulizwa tena saa aliyopima mpwa wake. Akajibu kama alivyomjibu Fokko tarehe kumi na nne, bila kupepesa: kabla ya saa kumi na mbili. Hakuangalia risiti. Alikumbuka, alisema, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ametazama saa yake ya mkono akifikiria chakula cha jioni.

Risiti ilisema hivyo, na mzee aliyeheshimika kijijini alisema hivyo. Mashahidi wawili wasiofahamiana, mashine na mtu. Kwa polisi yeyote hapo kesi imekwisha.

Ndipo Harm akainuka. Alishusha chupa ya kahawa, akapanga vikombe vinne, akamimina bila kumwuliza mtu. Akafungua kopo la biskuti, akampa kila mmoja moja, akafunga kopo. Fokko alipokea kikombe chake kama aliyefunguliwa pingu. Eltje alitazama saa. Ilikuwa saa tano kamili, wala si dakika moja mbele au nyuma.

Mtu asiyekutaka hakupi biskuti. Na mtu mwenye kinyongo akilainika, halainiki saa tano kamili.

"Mzee Harm," alisema, "kahawa ya hapa ni ya saa ngapi?"

"Ya saa nne. Kama ya watu wote."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Harm alipindua mkono. Saa yake ilikuwa ya kizamani, ya mkanda wa ngozi.

"Saa nne na dakika moja."

Fokko alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wa bosi wake, akaweka kikombe chini. Eltje alikuwa amenyoosha mkono kwenye msumari na kuchomoa nakala ya juu, ile iliyochapwa mbele ya macho yake. Trekta lilipima saa nne na nusu, aliangalia mwenyewe. Karatasi ilisema saa tatu na nusu.

"Saa yako imechelewa, mzee," Fokko alisema.

"Haijachelewa. Ni ya ng'ombe."

Ilibidi aeleze mara mbili. Serikali ilipoleta saa za kiangazi mwaka sabini na saba, saa zikisogezwa moja mbele kila mwaka na kurudishwa wakati wa baridi, baba yake Harm alikataa. Ng'ombe hawasomi gazeti, alisema, na kiwele hakiongezewi saa kwa amri ya waziri. Nyumba yao ikabaki kwenye saa za baridi mwaka mzima, na mashamba mengine matatu ya pale yakafanya hivyo hivyo. Baba alikufa, desturi ikabaki. Eltje aliuliza ana ng'ombe wangapi sasa. Hakuwa nao. Aliwauza mwaka themanini na nne.

"Na kanisani unafika saa ngapi, mzee wangu?"

"Najua kujumlisha moja," Harm alisema kwa heshima iliyojeruhiwa. "Na kibanda nafungua kwa saa ya kwenu. Sijawahi kuchelewa hata siku moja. Ila kahawa ni yangu."

"Na mashine? Nayo ni ya ng'ombe?"

Ilikuwa Jumatatu moja, mwishoni mwa Septemba, mzee alisema. Alikuja asubuhi, risiti ya kwanza ikatoka, akaona saa iliyochapwa ni ile ile ya mkononi mwake. Siku zote za nyuma alikuwa anajumlisha moja, siku hiyo hapakuwa na cha kujumlisha. Alidhani Menno amemwekea kwa hisani, akafurahi, akanyamaza. Hakutaka kumshukuru mbele ya watu.

"Mimi sijagusa kitu," Menno alisema. Alikuwa amesimama. "Mzee, mimi tangu Agosti sijaigusa hiyo mashine."

"Diski yako ya tisini na tano," Eltje alimwambia, "iko wapi?"

Ilikuwa kwenye gari lake, pamoja na kompyuta ya zamani ya duka la rangi aliyopewa kutengeneza. Vyote vikaletwa mezani, na mfumo mpya wa kabatini Fokko akaufuata mbio kwa gari la polisi. Walifanya jaribio mara mbili, na Eltje akaandika kila tarakimu. Kwanza waliweka mfumo wa zamani. Menno akaiambia kompyuta kwamba leo ni Jumapili ya tarehe ishirini na saba Septemba, saa nane na dakika hamsini na tisa za usiku. Wakangoja. Dakika ilipotimia, badala ya kuingia saa tisa, saa iliruka nyuma ikawa saa nane kamili, na mashine ikaandika kwa adabu kwamba imerekebisha saa kwa ajili ya majira ya baridi.

Kisha wakaweka mfumo mpya na tarehe ile ile. Dakika ilitimia, ikaingia saa tisa, hakuna kilichotokea. Walipoisogeza hadi tarehe ishirini na tano Oktoba, ndipo iliporudi nyuma.

"Zamani ilikuwa Septemba," Fokko alisema polepole. "Kweli. Saa zilikuwa zinarudi mwisho wa Septemba. Wakabadilisha sheria, ikawa Oktoba."

"Mwaka tisini na sita," alisema Menno. "Diski imechapwa tisini na tano. Inajua sheria ya zamani tu. Mimi nikaweka tiki."

Kwa wiki nne, basi, mizani ya Noorderwierum ilikuwa nyuma ya nchi kwa saa nzima. Wakulima waliangalia kilo na udongo. Ofisi iliandika kilo. Mtu pekee aliyeangalia saa alikuwa yule mmoja katika kijiji ambaye kwake ilikuwa sahihi. Eltje alihisi hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Wale mashahidi wawili wasiofahamiana, mashine na mtu, walikuwa wanasoma saa moja.

"Ulipochukua maelezo yake tarehe kumi na nne," alimwambia Fokko, "hukuona saa ya mkononi?"

Harm ndiye aliyejibu. "Aliniuliza saa ngapi. Hakuniuliza saa ya nani."

Lakini wakili yeyote angesema kwamba mashine imechezewa jana au juzi. Ilitakiwa alama ya siku ile ile. Matrekta hayabebi karatasi ya duara inayoandika mwendo na saa, malori hubeba. Eltje alipekua risiti za tarehe kumi na tatu mpaka akapata ya lori, namba 2198, iliyosema saa nane na dakika tano mchana. Fokko alipiga simu kwa wenye lori, kampuni ndogo ya mjini, akawaomba waitoe karatasi ya siku hiyo na kuisoma. Alishika simu dakika sita. Kisha akarudia kwa sauti aliyoambiwa: lori lilisimama kituo cha Noorderwierum saa tisa na dakika tatu, likaondoka saa tisa na dakika kumi na moja.

"Waambie waifungie kabatini," Eltje alisema. "Tunaifuata leo. Na hii kompyuta haizimwi wala haiguswi. Leo Ijumaa. Usiku wa kuamkia keshokutwa nchi nzima inarudisha saa nyuma, na hii mashine, kwa kuwa ilisharudisha, itakaa kimya. Jumatatu asubuhi ingekuwa sawa na saa yangu na saa ya kanisa. Ningekuja hapa nisingekuta kitu."

Na Jumatatu hiyo hiyo Geuchien angekuwa mbele ya majaji. Kila mmoja chumbani alilijua hilo.

Alimwomba Menno atoke na Fokko. Walipobaki wawili, aliziweka risiti mbili mezani, moja kando ya nyingine, zikimtazama mzee. Hakutaka kumsomea. Mtu aliyejumlisha moja kwa miaka ishirini na moja hahitaji kusomewa.

Harm alianza na ya Geuchien. Aliisoma, midomo ikicheza kidogo. Saa moja kasoro kumi, na moja, ni saa mbili kasoro kumi. Kwa hiyo kapera alikuwa mezani kweli, na mama yake alisema kweli, yule mama ambaye Harm Jumapili iliyopita alimpita mlangoni mwa kanisa bila kumpa mkono. Kisha akaivuta ya pili. Hiyo aliiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma tarakimu chache.

"Tjaard aliniletea trekta lake Jumatano," alisema hatimaye. "Kesho yake. Aliniambia breki. Liko ghalani kwangu, chini ya turubai."

"Hukulitazama mbele?"

"Sikulitazama."

"Kwa nini, mzee Harm? Mtu amekufa, trekta la kijani linatafutwa, mpwa wako analeta la kijani na turubai."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na Eltje aliona kwamba hakuwa anaficha kitu, wala hajawahi kuficha.

"Nililala vizuri siku zote hizi, mama," alisema. "Saa yangu ilisema si yeye."

Eltje alifungua karatasi mpya ya maelezo, akaandika tarehe, akangoja. Nje trekta lilipiga honi juu ya bamba. Harm hakugeuka. Alitoa ufunguo wa ghala kwenye mfuko wa suruali, akauweka juu ya risiti ya mpwa wake. Kisha akavua saa yake, akavuta kitufe chake, akasogeza mshale mbele saa nzima, jambo ambalo halikuwahi kufanywa nyumbani kwao, akairudisha mkononi akaifunga mkanda.

"Andika," alisema. "Tjaard Venema alipima saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Kwa saa ya Bi Aafke."